Macho ya Paini

Evariste alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na bado ikabaki nyingine ya kupeleka Lilongwe. Aliwadharau wachoraji wa kambini ambao kila wiki walichora mwanamke yuleyule mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, ili wageni wanaoshuka kwenye magari meupe waseme "maskini ya Mungu" na kununua. Aliwadharau wabandika majani ya migomba kwenye kadi. Aliwadharau hata wateja wake mwenyewe, kwa sababu karibu wote, wakishatoa macho mbele ya kazi yake, walimuuliza swali moja tu: umetumia rangi gani?

Rangi! Heri wangemtukana. Katika picha za Evariste hamkuwa na tone la rangi. Zilikuwa mbao tupu. Alipasua ubao kwa msumeno wa mkono, akaupiga randa mpaka ukawa mwembamba wa kupindika, kitu ambacho mafundi wa Bukavu waliomfundisha walikiita plakaje. Halafu akachukua kisu kidogo chenye ncha kali akakata: kipande cha shavu, kipande cha pua, ukosi wa shati, kila kimoja kikiingia katika pengo la mwenzake bila kuacha hata nafasi ya unywele. Wekundu aliutoa kwenye mbao ya mti wa mbawa, weusi kwenye mpingo. Kivuli cha chini ya kidevu alikipata kwa kuchovya ukingo wa kipande katika kikaango cha mchanga wa moto, ukaungua kidogo tu na kukomea pale alipotaka. Na kila ubao ulikaa chini ya kitanda chake ukikauka mwaka mzima kabla hajaugusa. Mbao mbichi haikupanda mezani kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake, na nyingine hakuwa nayo.

Dini za kuimba na kupiga makofi alimwachia dada yake, Capitoline.

Capitoline alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya soko. Mama yao alipofariki huko Bukavu, Evariste akiwa bado hajamaliza kuota meno, yeye ndiye aliyeacha shule akambeba mgongoni, akamlisha, akamchapa, akamfikisha ukubwani. Vita vilipokuja walikimbia pamoja, na sasa nyumba zao za matofali mabichi zilitazamana kambini, mlango kwa mlango. Katika dunia nzima huyo ndiye mtu pekee ambaye Evariste hakuwahi kumdharau. Alimwita Yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake kwao, na alipomwita ungedhani ni mtu mwingine anayesema.

Basi Yaya alikuwa na mambo mawili. La kwanza ni presha, ambayo iliwahi kumwangusha sokoni, na tangu siku hiyo alimeza vidonge kila asubuhi. La pili ni Apotre Vainqueur.

Huyo Vainqueur walimjua tangu Bukavu, alipokuwa akiuza kaseti za bandia kando ya barabara na kutimua mbio kila alipoona kofia ya polisi. Sasa alikuwa mtume. Aliyemtuma hakuna aliyemuuliza. Kanisa lake, Ushindi Usiokoma, lilikuwa ghorofani juu ya duka la saruji huko Area 47, mtaa wa Lilongwe, ukumbi mzuri wenye madirisha makubwa ya kioo upande wa magharibi. Mwenyewe alivaa suti nyeupe na viatu vyenye ncha, na alijipaka mafuta ya kung'arisha ngozi kwa bidii ambayo angeiweka kwenye kusoma Biblia angekuwa mbali. Capitoline alikuwa shemasi wake. Kila Jumapili alipanda minibasi ya asubuhi kwenda Lilongwe na kurudi jioni akiwa amepoteza sauti.

Mwaka wa 2013, majira ya baridi, Yaya aliingia kwa Evariste bila kubisha hodi.

"Mutoto ya mama, Apotre anataka umufanyie foto yake ya mbao. Kubwa. Ya kutundika mbele ya kanisa."

"Aende kwa bale ba rangi."

"Nimekwisha mwambia ndiyo."

"Yaya!"

"Nimekwisha sema. Unataka nikule haya mbele ya kanisa muzima?"

Evariste alikwenda shingo upande. Alifunga vipande vyake vya mbao katika kitambaa, akafika Area 47, akakaribishwa katika sebule ambayo makochi yake yalikuwa bado na nailoni za dukani. Akachagua kipande cha mbawa, akakishika karibu na shavu la Apotre kulinganisha. Kililingana na sikio barabara, maana kwenye sikio mafuta hayakufika. Kwenye shavu palikuwa na rangi nyingine, ya chai iliyozidiwa maziwa.

Apotre alikisukuma kile kipande kwa kidole.

"Hii ni mbao ya jeneza. Mi niko mweupe, fundi. Hauoni?"

Evariste aliona.

"Unitafutie mbao ya mwangaza. Ile nyeupe, ile banafanyaka nayo makreti."

"Paini? Ya makreti ya nyanya?"

"Njo ile. Makunyanzi usiweke. Na nywele uongeze kidogo hapa mbele." Apotre akaegemea, nailoni ikalia chini yake. "Si kazi kubwa. Siku hizi telefone inapiga foto mara moja na inakwisha. Lakini Dada Capitoline aliniomba nikusaidie upate kazi, na mi siwezi kumukatalia."

Kumsaidia! Yeye! Evariste aliteremka ngazi zile akiwa anasaga meno. Hakurudi kambini moja kwa moja. Alipitia Kawale kwa wauza mbao, akachagua ubao wa paini uliopasuliwa juzi, mzito kwa maji, unaonata viganjani na kunukia msitu. Muuzaji, ambaye angalau alikuwa mtu mwaminifu, alimwonya kwamba ule bado mbichi. Evariste akamwambia ndiyo huohuo anaoutaka.

Kazi yenyewe ilikuwa uchafu mtupu. Kila alichokikataza miaka yote alikifanya. Hakuukausha ubao. Sehemu moja aliikata plakaje ya uso, na sehemu nyingine nene akaifanya kitako cha kubandikia, wakati siku zote kitako chake kilikuwa mbao kuukuu iliyokwisha kutulia. Nywele alizipachika za mpingo, nyingi za kutosha watu wawili. Alipofika kwenye macho akasita. Macho ndiyo yaliyomlia muda kuliko kitu kingine katika picha zake. Kwa jicho moja aliweza kutumia vipande vyembamba vya mbao za aina nne, na kivuli cha kope akakirudia mpaka akiamini. Lakini kile kitako cha paini kilikuwa na mafundo mawili ya mviringo, mekundu, yaliyokaa sambamba pale matawi yalipokuwa yametokea. Evariste akatoboa matundu mawili usoni, akayaacha mafundo yachungulie.

"Haya," akaiambia picha. "Macho ya kreti la nyanya. Ona nayo."

Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Siku ya kuifunua picha, Kanisa la Ushindi Usiokoma lilipiga makofi hadi vioo vikatetemeka. Akina mama walisema macho yale yanamfuata mtu kila anakokwenda. Apotre mwenyewe alisimama chini ya picha, akaitazama, akasema kwa sauti nzito, "Njo mimi huyu." Wala hakukosea sana. Evariste alimwagiwa mafuta ya upako kichwani mbele ya umati, yakamwingia kwenye kola ya shati lake zuri, na njiani kurudi Dzaleka alitema mate kila minibasi iliposimama.

Ingeishia hapo. Lakini baridi ikaondoka, na Oktoba ikaja na jua lake la kuchoma mpaka mawe.

Jirani yao Nella, Mrundi aliyeuza nyanya sokoni na kufuga beberu mmoja asiye na adabu, alikuja mbio Jumatatu moja, kapu bado kichwani.

"Evariste! Foto yako inalia!"

"Inalia namna gani?"

"Machozi! Kwa macho! Watu wote waliona jana, hata mwenye duka la chini alipanda kuona. Capitoline hajakwambia? Apotre analilia dunia!"

Evariste alisimama na randa mkononi. Aliwaza jua la magharibi likiingia kwenye vile vioo na kuupiga ubao mbichi mchana kutwa. Aliwaza yale mafundo mawili, utomvu uliojificha ndani ukilainika, ukitafuta pa kutokea. Akaelewa, na kicheko kikampata kwa nguvu hadi akashika mwimo wa mlango. Alicheka, akakaa chini, akacheka tena. Nella alichukia akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Evariste alioga, akavaa shati lake zuri, akasimama kwenye kituo cha minibasi kando ya dada yake. Capitoline alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Njia nzima hakusema neno, na kwa Capitoline hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Ngazi za kanisa zilijaa watu hadi barabarani. Juu ya madhabahu ilining'inia picha, na kutoka kila jicho ulishuka uzi wa dhahabu ukipita shavuni hadi kwenye ndevu. Apotre alipanda kiti, akapangusa kwa pamba nyeupe, akaikamulia pamba ile kwenye chupa ndogo za mafuta. "Mi sijalia, wapenzi!" akapaza sauti. "Ni Mungu analia kupitia mi!" Watu wakaanguka. Bwana mmoja anayefanya kazi Capital Hill kwenye ofisi za serikali, wa tai na beji kifuani, aligaagaa sakafuni kama aliyemwagiwa upupu.

Evariste, kwenye benchi la nyuma, alihisi mbavu zinataka kupasuka. Akatoa kitambaa, akajifunika uso, akakiuma. Mabega yakaanza kumtetemeka, hakuweza kuyazuia. Machozi yakamtoka kweli. Mzee wa zamu akaja akamwekea mkono begani, akamnong'oneza, "Achilia, baba. Achilia tu." Hapo ndipo alipokaribia kufa.

Jioni, ndani ya minibasi, Yaya aliuchukua mkono wake akaushika mpaka wakafika kambini. Evariste alidhani amechoka.

Akaenda tena Jumapili iliyofuata, na nyingine. Hakukosa. Aseme nini, amwambie nani? Wanaotaka kudanganywa wadanganywe, alijiambia, wala hajamwomba mtu apige magoti. Usiku na mchana aliikumbuka ile tai ikifagia sakafu. Aliona kwamba katika maisha yake yote hajawahi kutoa kazi nzuri kama ile, na utamu wake ni kwamba ni yeye peke yake aliyeijua.

Halafu asubuhi moja Nella akaja tena mbio, safari hii bila kapu.

Capitoline alikuwa ameanguka juu ya cherehani. Mdomo umevutwa upande, mkono wa kushoto umekataa. Walimbeba wakampeleka zahanati ya kambi, na nesi akamuuliza kama anameza vidonge vyake. "Nameza," akasema, kwa ulimi mzito. Nesi alimgeukia Evariste, na Evariste akaitikia kwa kichwa, maana tangu lini Yaya akasema uongo?

Alirudi nyumbani kumchukulia nguo. Alipovuta droo ya cherehani akitafuta ufunguo wa sanduku, akaona pakiti za vidonge, zimepangana vizuri, hazijafunguliwa hata moja. Kando yake kulikuwa na chupa ndogo yenye pamba ya manjano. Akaifungua. Harufu ya paini ikampanda puani.

Akakaa juu ya vitambaa vya watu.

Yaya aliruhusiwa kurudi uso ukiwa umenyooka nusu. Nesi alisema wazi, mbele ya wote wawili: bila vidonge, anguko la pili halitakuwa na kurudi. Capitoline alisikiliza kwa adabu, akashukuru kwa "zikomo" mbili tatu, na alipofika kitandani kwake akavisukuma vidonge kwa mkono ulio mzima.

"Mi nimekwisha pona. Bila ile machozi ningalikufa palepale."

"Yaya, ile si machozi. Ni gomu ya paini. Nilitumia mbao mbichi kusudi, kwa kumudharau. Jua ikichoma, gomu inatoka."

Yaya alimtazama juu mpaka chini.

"We unadharauka kila kintu. Ulidharau ba rangi, ulidharau wateja wako, ulidharau Nella na mbuzi yake. Sasa umefika kwa Mungu."

"Yaya, nakwambia mi njo nilitengeneza!"

"Na mi nakwambia Mungu anaweza tumia hata mukono ya mupumbafu. Unifungie mlango, mwanga unaniumiza."

Miaka yote hakuwahi kusema neno jema juu ya kitu chochote, na siku alipokuja na neno la kweli lilifanana na mengine yote.

Akaenda Area 47. Alimkuta Apotre akinywa chai, akamweleza yote: ubao wa Kawale, mafundo, jua, mdomo wa dada yake uliopinda. Apotre alisikiliza bila kushtuka. Alimaliza andazi lake kwanza.

"Sawa. We ulitengeneza mbao. Nani aliambia mbao ilie?"

"Jua!"

"Na jua ni ya nani?"

Evariste alizoea kuwa yeye ndiye mwenye dharau kubwa kuliko wote chumbani, na sasa alikuwa amekaa mbele ya mtu aliyewadharau watu kupita yeye, tena kwa utulivu, huku akipangusa makombo.

"Njoo umwambie ameze dawa," akasema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa ya kuomba. "Neno moja tu. We atakusikia."

"Mi sijakataza mtu dawa. Nani amekusikia nikikataza?" Apotre akasimama, akamfungulia mlango. "Lakini nikienda kumwambia yeye moja ameze dawa, kesho nitaambia bangapi? Fikiri kidogo, fundi."

Huyo ndiye aliyeuza kaseti za bandia. Hakuacha biashara, alibadilisha bidhaa.

Evariste alirudi kambini akavuta kipande kilichosalia cha ule ubao chini ya kitanda. Kilikuwa bado na mafundo. Mlangoni alisimama beberu wa Nella, akitafuna ufagio wake na kumtazama kwa ile jeuri yake ya siku zote. Evariste akamtazama naye. Akachukua kisu.

Alikata pembe za mpingo na ndevu za paini, akapachika masikio, akatoboa matundu mawili, akaacha mafundo yachungulie. Akakipeleka kwa Yaya, akakitundika ukutani mkabala na kitanda, juu, karibu na bati.

"Nini hii?"

"Mbuzi ya Nella."

"Ju ya nini?"

"Uiangalie tu, Yaya."

Angeweza kuipasha moto kwa jiko la makaa. Lakini Yaya angesema ameipika, na angekuwa na haki. Ilibidi jua lifanye kazi lenyewe, kama lilivyofanya kanisani. Na jua lile lililounguza mwezi mzima bila huruma likaamua sasa kujificha. Mawingu ya kuleta mvua yalikusanyika upande wa Dowa, yakalala juu ya kambi, kijivu, mazito. Mbuzi akakauka ukutani, macho makavu.

Evariste alikaa kizingitini akitazama mbingu, na kama angejua maneno ya kuiambia angeyasema. Nyuma yake Yaya alilala zaidi na kusema kidogo. Alilalamika kichwa. Mshipa wa shingo yake ulipiga hadi ukaonekana. Kila asubuhi Evariste alimwekea kidonge na maji, na kila asubuhi ule mkono mzima ulivisukuma. Aliogopa. Vita havikumwogopesha hivyo, kwa sababu vitani alikuwa na Yaya.

Halafu siku moja mawingu yakapasuka na jua likatoka na hasira zote lilizokuwa limeziweka. Mabati yakaanza kulia ta, ta, ta. Mchana ukapita. Nella aliingia na bakuli la uji, akatupa jicho ukutani, akakwama katikati ya nyumba.

"Yesu wangu! Mbuzi yangu inalia!"

Akachungulia nje kuhakikisha beberu mwenyewe ni mzima. Alikuwa mzima, anakula kanga yake kwenye kamba.

Yaya aligeuza kichwa. Kwenye jicho la kushoto la mbuzi tone lilivimba, likaning'inia, likateleza hadi kwenye ndevu. Likafuata la kulia. Capitoline alitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Nella amwinue. Akajikokota hadi ukutani, akalipokea tone kwa kidole, akanusa, akaweka ulimini. Ladha aliijua, ni ileile ya chupa yake ya kanisani.

"Mbuzi inalilia nani?" akauliza.

Nella aliangua kicheko, akaona uso wa Capitoline, akakimeza. Akaweka uji chini akatoka.

Yaya akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulijua toka wakati gani?"

"Toka siku Nella alileta habari."

"Na ukakuja kanisa kila dimanshi."

"Yaya, mi sikujua unaacha dawa. Kweli ya Mungu sikujua."

"Nyamaza kidogo." Alikuwa anahema. "Mi ile machozi sikuiamini. Unafikiri mi niko mujinga? Vainqueur tunamujua toka kaseti. Siku ya kwanza nilisema, huyu amepakaa mafuta. Njo maana sikukuambia kintu. Halafu ukakuja we. We mwenye haukulia hata siku tuliacha Bukavu. Nikageuka nyuma, nikakuona umefunika uso na kitambaa, mabega inatetemeka. Nikasema, kama mutoto ya mama analia, basi ni Mungu kweli. Ile jioni njo niliweka dawa ndani ya droo."

Nje, mabati yaliendelea kulia.

"Sasa uniambie. Ile siku ya kitambaa. Ulikuwa unalia?"

Neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, na angebaki mtoto wa mama. Evariste alimtazama mbuzi, akamtazama dada yake, mdomo wake uliopinda kwa upande mmoja.

"Nilikuwa ninacheka, Yaya."

Uso ule ulikuwa umemkasirikia mara nyingi, ukamfokea, ukamcheka. Kumdharau haukuwahi. Sasa ulimdharau, kwa macho yote mawili, bila haraka, na Evariste, aliyewatazama watu hivyo maisha yake yote, hakuwa amejua kwamba inauma namna ile.

"Lete dawa," Capitoline akasema.

Alimeza, akanywa maji yote. Evariste alipanda kiti kumwondoa mbuzi ukutani.

"Uiache," akasema Yaya.

Mvua ilinyesha wiki hiyohiyo. Hewa ikapoa, na picha ya Area 47 ikaacha kulia. Apotre alitangaza kwamba Bwana amefarijika, watu wakatoa sadaka ya shukrani. Capitoline hakurudi kule. Mkono ulipata nguvu ya kushika kitambaa, cherehani ikaanza tena kusikika, na wenzake wa kanisani walipokuja kumpa pole walikaa chini ya yule mbuzi mwenye mistari miwili ya dhahabu mashavuni, wakashangaa, wakauliza ni wa nani.

"Ni mudogo wangu Evariste," anawajibu. "Njo namna analiaka."

Wageni wanacheka. Evariste, ambaye kila asubuhi huvuka na kidonge na kikombe cha maji, husimama palepale mpaka Yaya ameze.

Naye humeza, kisha anamfungulia mdomo, kama mtoto anayeonyesha kwamba hajaficha kitu, na kumtazama hadi atoke.